Robo ya Kidonge kwa Mtoto wa Miaka Minne

Kidonge cha miligramu 10 cha Ritalin, dawa ya ADHD (hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza umakini kupita wenzake), ni kidogo kuliko punje ya hindi, na katikati kina mstari wa kukikatia. Dozi ya kuanzia kwa mtoto wa miaka minne au mitano huwa ni miligramu 2.5, yaani robo yake. Mstari unakupa nusu. Robo unaitafuta mwenyewe kwa wembe, au kwa kikatio cha plastiki ukikipata, na vipande vinne unavyopata havilingani. Kimoja kinene, kingine nusu yake imebaki ubaoni kama unga. Aliyetengeneza kidonge hicho hakuwa akimfikiria mtoto wa chekechea.

Hiyo haina maana kwamba dawa haimfai. Ina maana kwamba mzazi anayeanza kumpa anaingia njia ambayo wataalamu wenyewe wanaipita polepole, na ana haki ya kujua wanachelea nini. Mjadala wetu haujafika huko. Wapo wanaosema hizo ni dawa za vichaa, mtoto ana kichwa kigumu tu na fimbo itamnyoosha. Wapo wanaomwambia mzazi amtafutie mwanawe dawa atulie, la sivyo amhamishe shule. Wote wana kosa moja: hakuna aliyepima chochote. Kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, dawa ya ADHD ni jaribio lenye muda maalumu, na jaribio lisilo na kumbukumbu ya hali ilivyokuwa kabla halimwambii mtu kitu, hata mtoto akitulia tuli.

Tusidhani Wamarekani, wenye wataalamu wengi, wamelimaliza hili. Utafiti uliochapishwa huko Agosti 2025, uliopitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 9,000 waliobainika kuwa na ADHD wakiwa na miaka 3 hadi 5, ulikuta kwamba asilimia 42 waliandikiwa dawa ndani ya siku 30. Siku 30 hazitoshi kumaliza mafunzo yoyote ya malezi. Mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto cha nchi hiyo hiyo, wa mwaka 2019, unataka mafunzo ya mzazi yaanze kwanza kwa umri huo, kisha methilifenideti (ndiyo dawa iliyomo ndani ya Ritalin) ifikiriwe endapo hali bado ni nzito. Uingereza ni wakali zaidi: mwongozo wao wa 2018 unasema mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe dawa ya ADHD mpaka apatikane mtaalamu wa pili, mwenye uzoefu na watoto wadogo, atoe maoni yake.

Sababu ya ukali huo ni utafiti mmoja ambao bado ndio nguzo kwa umri huu. Unaitwa kwa kifupi PATS, na matokeo yake yalichapishwa Marekani mwaka 2006. Walisajiliwa watoto 303 wa kati ya miaka mitatu na mitano na nusu. Kabla ya kidonge chochote, wazazi walipitishwa kwenye vikao kumi vya mafunzo ya malezi. Waliobaki na shida ndio walioendelea, na watoto 165 wakaingia hatua ya kulinganisha dawa na kidonge bandia, kwa dozi za miligramu 1.25, 2.5, 5 na 7.5, mara tatu kwa siku. Dozi ndogo kabisa haikufua dafu. Zile tatu zilisaidia, ila kwa kiasi kidogo kuliko inavyoonekana kwa watoto wa shule ya msingi. Wastani wa dozi iliyowafaa ulikuwa kama miligramu 14 kwa siku, huku mmoja akitosheka na kidogo sana na mwingine akihitaji mara mbili yake. Na asilimia 11 waliachishwa kwa sababu ya madhara: kulia ovyo, hasira za ghafla, kukosa usingizi, kukataa chakula, kurudiarudia kitendo kimoja kama kujichubua ngozi.

Watoto hao walifuatiliwa. Miaka sita baadaye, karibu tisa kati ya kumi bado walikuwa na ADHD, waliokunywa dawa na waliokuwa wameacha. Anayetarajia kwamba kuanza mapema kutaifuta hali yenyewe hana ushahidi wa kuegemea. Kidonge kinafanya kazi saa kinapokuwa mwilini, kikitoka, kimetoka.

Kuna jambo la ajabu kwenye karatasi inayokuja ndani ya boksi. Methilifenideti, iliyochunguzwa zaidi kwa watoto wadogo, imeidhinishwa Marekani kuanzia miaka sita. Dekstroamfetamini, dawa nyingine ya ADHD ambayo haikuchunguzwa kiasi hicho kwa umri huu, imeidhinishwa kuanzia miaka mitatu, kwa sababu tu kibali chake kilitoka zamani, enzi ambazo masharti yalikuwa mepesi. Kwa hiyo neno "imeidhinishwa" lisimtulize mzazi, na neno "haijaidhinishwa" lisimkimbize. Amuulize daktari: kwa mtoto wa umri wa wangu, kuna ushahidi gani?

Kabla ya hapo lipo swali la kama ni ADHD kweli. Vigezo vinataka dalili zidumu angalau miezi sita, zionekane mahali zaidi ya pamoja, nyumbani na shuleni kwa mfano, na zizidi zile za watoto wa rika lake. Hapo kwenye rika ndipo wengi tunapoteleza. Utafiti wa Marekani wa 2018 ulilinganisha watoto wa majimbo ambako lazima uwe umetimiza miaka mitano kabla ya Septemba 1 ili uanze shule. Waliozaliwa Agosti, wadogo kabisa darasani, walipewa jina la ADHD kwa asilimia 34 zaidi ya waliozaliwa Septemba, wakubwa kabisa. Ubongo haujui mwezi wa kuzaliwa. Mwalimu alikuwa akimlinganisha mtoto na mwenzake anayemzidi karibu mwaka mzima. Sasa fikiria shule zetu binafsi, mtoto anaingizwa PP1 (mwaka wa kwanza wa elimu ya awali) akiwa na miaka mitatu na miezi michache kwa sababu mama anarudi kazini, anakalishwa dawatini aandike herufi, kisha mwezi wa pili barua inakuja nyumbani kwamba hatulii. Mtoto wa aina hiyo anahitaji kurudishwa darasa la chini.

Kisha yapo yanayojifanya ADHD. Mtoto anayekoroma usiku na kulala kinywa wazi kwa sababu ya nyama za puani hapati usingizi wa kutosha, na mtoto mdogo aliyechoka hasinzii kama mtu mzima, anaruka ukutani. Upungufu wa damu, iwe kwa minyoo au chakula, unavuruga umakini. Asiyesikia vizuri baada ya masikio kutoa usaha mara kwa mara anaonekana mkaidi. Kifafa cha kuduwaa hujitokeza kwa sekunde chache, macho yameganda, na ukimgusa hashtuki. Anayewaza mambo yake, ukimgusa anageuka. Mtoto mwenye sikoseli anaweza kuwa amepata kiharusi kidogo kisichoonekana kwa macho. Na kwetu kuna malaria: tafiti za Uganda zimeonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria ya ubongo hubaki na upungufu wa umakini miaka miwili baadaye. Kipimo cha wingi wa damu, masikio, macho, na maswali ya usingizi ni kazi ya asubuhi moja hospitalini. Daktari aliyeandika Ritalin bila kuyagusa hayo amefanya haraka.

Tuje kwenye mafunzo ya mzazi, kwa sababu hapa ndipo nchi zetu zingeweza kufanya mengi bila kibali cha kuagiza dawa. Watu wakisikia "mafunzo" wanadhani ni nasaha: muwe wavumilivu, mpendeni, msali. Haya ni mazoezi, ya wiki nane hadi kumi na sita, kikao kimoja kwa wiki, na kila wiki mzazi anarudi nyumbani na kitu kimoja cha kufanya.

Wiki za mwanzo ni dakika kumi kila siku ambazo mtoto ndiye anayeongoza mchezo na mzazi haulizi, haamuru, hasahihishi. Zinaonekana ni upuuzi, lakini bila hizo sifa na adhabu za baadaye hazina uzito, kwa sababu mtoto huyu amezoea kuitwa jina lake kwa kugombezwa tu. Halafu yanakuja maagizo. Amri moja kwa wakati mmoja, ukiwa karibu naye, mkono begani, kwa maneno machache: "Vaa viatu." Kisha unanyamaza, unahesabu hadi tano. "Mbona huvai viatu wakati gari linakuja na mwenzio ameshavaa?" ni swali, na yeye amelisikia kama swali. Sifa nayo itaje kitendo: "Umeweka viatu mlangoni, vizuri sana." Kumwambia tu "mtoto mzuri" hakumfundishi kipi arudie.

Jambo kubwa kuliko yote ni muda kati ya kitendo na matokeo yake. Mtoto mwenye ADHD humtawala zaidi kile kilichopo sasa; kesho ni mbali. "Ngoja baba yako arudi" ni adhabu ya saa kumi na mbili jioni kwa kosa la saa tatu asubuhi, na ikifika haihusiani tena na chochote kichwani mwake. Fimbo ina kasoro hiyo hiyo na nyingine juu yake. Wanaonukuu samaki mkunje angali mbichi husahau kwamba samaki anakunjwa taratibu, ukimpiga anapondeka. Kumtenga kidogo, dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake, mahali pasipo na mchezo, papo hapo baada ya kosa, kunafanya kazi kuliko viboko vya jioni.

Kinachoharibu mafunzo haya kinajulikana. Kwanza, wiki ya pili au ya tatu mtoto huzidisha vurugu, anapima kama kweli mmebadilika, na familia nyingi huacha siku hiyo hiyo ambayo wangepaswa kushikilia. Pili, anayehudhuria ni mama, wakati mtoto anashinda saa kumi kwa siku na dada wa kazi au bibi. Bibi asipokuwepo kwenye kikao, atampa pipi kumnyamazisha, na kazi ya wiki imekwisha. Aje na yeye.

Dawa inaingia lini basi? Mwongozo wa Marekani unaangalia mambo matatu: dalili zimedumu angalau miezi tisa, zinamvuruga nyumbani na mahali pengine pia, na mafunzo yamefanyika ila hayakutosha. Tungeongeza usalama. Mtoto anayekimbilia barabarani kila mlango ukifunguka, aliyekwisha kuungua jikoni mara mbili, aliyefukuzwa chekechea ya tatu, hawezi kusubiri wiki kumi na sita kama yule anayeshindwa tu kukaa mkekani.

Kabla ya robo ya kwanza, pawe na karatasi. Madodoso ya kitaalamu yana maswali zaidi ya arobaini. Mwalimu mwenye watoto sitini hatayajaza kila wiki, na akiyajaza atakuwa amebahatisha. Chagueni mambo matatu yanayoonekana kwa macho: amekaa mkekani hadithi nzima au hapana, amepiga wenzake mara ngapi, amemaliza kazi moja bila kusimamiwa au hapana. Mwalimu aweke alama kila siku ya shule kwa wiki mbili kabla ya dawa, aendelee dawa ikianza, na asiambiwe ni siku gani dozi imebadilishwa. Nyumbani nako iwepo karatasi ya aina hiyo, yenye usingizi na chakula ndani yake.

Daktari apime urefu, uzito, mapigo ya moyo na presha. Presha ya mtoto inataka kitambaa cha mkono wa mtoto. Ukimfunga cha mtu mzima, namba inatoka chini kuliko ukweli, na vituo vingi vina hicho kimoja tu. Aulize pia kama mtoto amewahi kuzimia akikimbia, au kama kuna ndugu aliyekufa ghafla angali kijana. Jibu likiwa ndiyo, moyo uchunguzwe kwanza.

Kisha miligramu 2.5 baada ya kifungua kinywa. Baada, kwa sababu dawa inaua hamu ya kula ndani ya saa moja. Uji wa lishe wenye karanga na maziwa utangulie. Wiki inayofuata, kama hakuna kilichobadilika na hakuna madhara, daktari anaweza kuongeza robo ya mchana, na kuendelea hivyo kwa miligramu 2.5 kila wiki. Dozi ya mwisho isivuke saa nane mchana, usingizi utapotea. Ndani ya wiki nne hadi sita jibu liwe limepatikana.

Hapa pana mtego. Ritalin ya kawaida huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja na huisha baada ya saa tatu au nne. Mtoto aliyemeza saa moja na nusu asubuhi, dawa imemwishia kati ya saa nne na nusu na saa tano na nusu. Inapoisha, wengine hupata kipindi cha kama saa moja cha kulia na hasira kuliko siku za kawaida. Kwa hiyo mwalimu anaona saa nzuri zote, na mama anapokea mtoto saa sita akiwa amenuna, hataki kula, anatupa viatu. Mama anasema dawa inamharibu. Mwalimu anasema dawa ni muujiza. Wote wanasema kweli. Bila karatasi mbili zenye saa, ugomvi huo hauamuliki, na aghalabu anayeshinda ni mwenye sauti kubwa.

Upo mtego wa pili, na huu ni wa shule. Dozi ikizidi, mtoto anakuwa kama sanamu: hachezi, hacheki, anakodolea penseli. Darasa la watu sitini linamwona amepona. Hapana, dozi ni kubwa, ishushwe. Ikishuka naye bado yuko hivyo, dawa hiyo si yake. Tulichokuwa tukikitafuta ni mtoto anayemaliza mchezo na wenzake bila kupigana, kelele zake zikiwepo.

Uzito ndio unaotutia wasiwasi zaidi kwa mazingira yetu. Katika PATS watoto waliobaki kwenye dawa walikuwa kwa mwaka sentimita 1.38 na kilo 1.32 pungufu ya ukuaji uliotarajiwa. Mtoto wa miaka minne huongeza kilo mbili na ushei tu kwa mwaka. Mwenye kilo 16 akipoteza moja, amepoteza zaidi ya asilimia sita ya mwili wake. Mtoto aliyeanza akiwa tayari chini ya mstari kwenye kadi ya kliniki hana akiba hiyo. Mwongozo wa Uingereza unataka uzito kila miezi mitatu. Kwa chini ya miaka sita, tungependa kila mwezi, kwenye mizani ile ile. Chakula kikubwa kihamie usiku, saa mbili, dawa ikiwa imetoka, na pasiwe na ugomvi wa sahani mchana. Zile za kutenda kazi muda mrefu, kama Concerta, si njia ya mkato kwa umri huu: Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kwenye aina zote za muda mrefu kwamba walio chini ya miaka sita hubaki na dawa nyingi zaidi kwenye damu na kupungua uzito zaidi. Tena kidonge cha Concerta hakikatwi wala hakitafunwi. Ukikivunja umeharibu mfumo unaoitoa dawa polepole.

Kuna dawa zisizo badala ya hii. Piritoni anayopewa mtoto alale mapema haitibu ADHD. Inamsinzisha, na baadhi ya watoto inawachangamsha. Haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili inayopatikana kirahisi kwa sababu ni ya bei nafuu, inamtuliza mtoto kwa kumlemaza, na madhara yake kwenye misuli hayastahili kubebwa kwa ajili ya utundu. Klonidini na guanfasini, dawa za presha zinazotumika pia kwa ADHD, zina nafasi yake mikononi mwa mtaalamu, lakini haziachwi ghafla, presha hupanda.

Methilifenideti yenyewe haiuzwi duka la dawa muhimu. Iko kwenye jedwali la pili la mkataba wa kimataifa wa dawa za akili wa 1971, inaagizwa kwa kibali, inatolewa kwa cheti cha daktari na kuandikwa kwenye daftari. Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021, likisema ushahidi hautoshi, na dawa isiyo kwenye orodha hiyo ni vigumu kuikuta kwenye bohari ya serikali. Kabla ya kuanza, muulize mfamasia kama ana ya miezi miwili mfululizo. Ikikatika wiki ya tatu haileti hatari ile ya dawa ya kifafa kukatika, ila jaribio limeharibika na karatasi hazisomeki tena. Anayesafiri na mtoto kwenda Umoja wa Falme za Kiarabu aombe kibali cha dawa hiyo kabla ya safari; cheti cha daktari wa nyumbani peke yake hakitamtosha uwanja wa ndege.

Wiki sita zikiisha, laza karatasi za kabla na za sasa mezani mbele ya daktari. Zikifanana, dawa iachwe, na hakuna aliyeshindwa. Zikitofautiana kwa mambo yale matatu, uzito haujashuka na mtoto bado anacheka, iendelee, na mafunzo ya malezi yaendelee nayo. Mara moja kwa mwaka daktari aisimamishe kwa wiki mbili, wakati wa masomo ya kawaida, isiwe wiki ya kufungua shule wala ya mitihani. Mwalimu apewe karatasi ile ile ya mambo matatu, bila kuambiwa ni ya nini.